Kukata yote kwa mpigo, kwa awamu, au kupanda kwanza: ulinganisho wa njia za kubadilisha miti ya mtaa na kuwaarifu wakazi

Miti iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja. Mtaa ulipimwa mwaka mmoja, ukapandwa aina moja ya mche pande zote mbili, na miongo kadhaa baadaye dalili zinakuja kwa mkupuo: matawi makavu juu ya magari yaliyoegeshwa, njia ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa na mizizi, uyoga mgumu uliojitokeza kwenye shina karibu na ardhi. Wanaosimamia miti hiyo wana njia tatu mbele yao. Wanaweza kuikata yote kwa mpigo na kupanda upya. Wanaweza kuibadilisha kwa awamu. Au wanaweza kupanda mipya kwanza, wakaiacha ishike, ndipo waiondoe mizee.

Kuna na swali la pili, ambalo mara nyingi huachwa hadi wiki ya mwisho: wakazi waambiwe nini, lini, na kwa njia gani? Kwa maoni yangu, kosa kubwa la mipango mingi ni kuyatenganisha maswali haya mawili. Mtaalamu wa miti huchagua namna ya kukata, kisha mtu wa ofisini hukabidhiwa kazi ya kutoa taarifa. Lakini kila namna ya kukata inadai namna yake ya kuwaarifu watu. Ukichagua njia usiyoweza kuieleza kama inavyotakiwa, umechagua vibaya hata kama kitaalamu uko sahihi. Ndiyo maana hapa nazilinganisha pamoja.

Jambo moja litangulie. Mti mzee si lazima uwe mti mbovu. Ukiligonga shina kwa nyundo ya mbao, lile lenye uwazi ndani hutoa mlio tofauti kabisa na lile zima, na vipo vifaa vya kupimia uoza kwa sindano nyembamba au kwa mawimbi ya sauti. Hata mti wenye uwazi unaweza kusimama miaka mingi ikiwa mbao iliyobaki kuuzunguka ni nene na nzima. Kuna kupogoa ili kupunguza uzito. Kuna kuinua njia ipite juu ya mizizi badala ya kuikata mizizi. Kuna kusogeza ukingo wa barabara. Wakazi watauliza haya yote, na wana haki. Ukiwaendea bila majibu ya mti mmoja mmoja, hawatakuamini hata kwa ule ambao kweli umeoza.

Kukata yote kwa mpigo

Kwa upande wa kazi yenyewe, hakuna njia nyepesi kuliko hii. Barabara inafungwa mara moja, mashine zinakuja mara moja, visiki vinasagwa mara moja. Na kuna faida ambayo haitajwi vya kutosha, nayo ni udongo. Udongo ulioshindiliwa chini ya lami ni adui mkubwa wa mti wa barabarani. Ukiwa na mtaa mtupu unaweza kuchimba mtaro mmoja mrefu, ukajaza udongo mzuri unaoungana kutoka mti hadi mti, badala ya kila mche kufungiwa kwenye shimo lake kama ua kwenye chungu. Fursa hiyo haipatikani tena miti ikishakaa.

Wakati mwingine ugonjwa huondoa hiari. Katika karne ya 20 kuvu inayosambazwa na mbawakawa iliteketeza miti ya elm Marekani na Ulaya. Uingereza peke yake ilipoteza zaidi ya milioni 25. Miji mingi ya Marekani ikajaza mapengo kwa miti ya ash, mtaa baada ya mtaa, aina ile ile moja. Kisha mwaka 2002, karibu na Detroit, akatambuliwa mbawakawa wa kijani aitwaye Agrilus planipennis, ambaye mabuu wake hula chini ya gome la ash hadi mti unakauka. Mitaa iliyokuwa imepandwa ash pekee ilibaki na chaguo moja tu, kwa sababu mti wa ash ukishakufa mbao yake huwa dhaifu na rahisi kuvunjika, hata wapogoaji huogopa kuukwea.

Hasara ya kukata kwa mpigo inaonekana jioni ya siku ya kwanza. Kivuli kimetoweka, madirisha yanayotazama magharibi yanachomwa na jua, na mche uliopandwa hautafunika kitu cha maana kwa miaka 15 au 20. Mzee wa mtaa anajua kwamba yeye hatakikalia kivuli kile. Haya si mambo ya hisia tu ya kupuuzwa. Ni hasara halisi inayowapata watu halisi, na inabidi isemwe kabla haijatokea.

Ndiyo maana njia hii inadai taarifa nzito kuliko zote, na zote zitangulie. Hakuna awamu ya pili ya kurekebisha ulichokosea katika ya kwanza. Mfano unaofaa kusomwa na kila mwenye dhamana ya miti ni Sheffield, Uingereza. Mwaka 2012 halmashauri ya mji huo ilisaini mkataba wa miaka 25 wa kutengeneza barabara, na ndani yake mlikuwa na mpango wa kubadilisha miti 17,500 kati ya takriban 36,000 ya barabarani. Wakazi walikuja kuuelewa ukubwa wa mpango huo kidogo kidogo, miti ikiwa tayari inaanguka. Tarehe 17 Novemba 2016, kabla ya mapambazuko, wakataji wakiwa na polisi waliingia Rustlings Road na kuwaamsha watu wasogeze magari. Waliosimama chini ya miti kuizuia walikamatwa, wakiwemo wanawake wawili wa umri wa miaka sabini na kitu. Halmashauri ilikuwa na jopo huru la kuishauri juu ya miti hiyo, ila mara nyingi ilipuuza ushauri wake. Ukataji ulisimama mwaka 2018. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sir Mark Lowcock, iliyotoka Machi 2023, ilikuta kwamba halmashauri iliupotosha umma na hata mahakama.

Mwezi huo huo wa Machi 2023, mji wa Plymouth, nchini humo humo, ulikata zaidi ya miti 100 usiku katika barabara ya Armada Way hadi amri ya mahakama ikausimamisha, na kiongozi wa halmashauri akajiuzulu. Leo sheria ya mazingira ya mwaka 2021 inazilazimu mamlaka za England kuwashauri wakazi kabla ya kukata mti wa barabarani, isipokuwa katika hali zilizotajwa, kama vile mti wa hatari. Sharti hilo lilianza kutumika Novemba 2023.

Kwa hiyo kukata kwa mpigo naona kunafaa pale tu ambapo mambo mawili yapo pamoja: miti mingi kweli ni mibovu au ina ugonjwa usiotibika, na una miezi ya kutosha ya kuzungumza na watu kabla ya msumeno wa kwanza. Likikosekana la pili, tafuta muda. Usianze.

Kwa awamu

Hapa theluthi moja au robo ya miti huondolewa na kubadilishwa, kisha unasubiri miaka kadhaa, unaendelea. Mtaa hauwi uchi hata siku moja. Baada ya miaka 15 una miti ya rika tatu au nne, na ugonjwa au dhoruba haiwezi kuimaliza yote kwa wakati mmoja. Ndege wanabaki na pa kuhamia.

Watu wengi wakisikia awamu hufikiria kukata mti mmoja na kuacha mmoja kwa mpangilio. Inaonekana haki, lakini ni mpangilio mbaya kwa sababu mbili. Kwanza, unaondoa mizima na kuacha mibovu, kwa kuwa uoza haufuati hesabu yako. Pili, mche uliobanwa kati ya miti miwili mikubwa hukosa jua na kunyang'anywa maji. Hurefuka mwembamba ukiinamia barabarani kutafuta mwanga, na baada ya miaka michache unalazimika kuukata nao. Afadhali kuchagua vikundi: miti mitatu au minne inayofuatana ambapo hali ni mbaya zaidi, ikatwe pamoja, ili pengo liwe kubwa la kutosha kuingiza jua.

Gharama ni kubwa kwa kila mti, maana mashine zinarudi tena na tena. Lakini gharama iliyojificha ni ya mawasiliano. Katika awamu ya kwanza kila kitu kinakwenda vizuri, watu wameelezwa na wameelewa. Miaka minne baadaye nusu ya wapangaji wamehama, ofisa aliyeongoza mikutano amehamishiwa idara nyingine, na awamu ya pili inawashtukiza watu kana kwamba hakuna aliyewahi kusema neno. Mkazi mpya anaona msumeno tu. Wa zamani anajiuliza kama idadi ni ile ile waliyokubaliana.

Dawa yake ni kumbukumbu inayoonekana. Kila mti uwe na namba kwenye kibati kidogo, na pawe na ramani moja ya mtaa inayoonyesha kila namba, hali yake na awamu yake. Ramani ibandikwe mahali pa wazi na ibaki hapo miaka yote, mabadiliko yakiandikwa juu yake na tarehe, bila kuchapisha nyingine inayoficha ya kwanza. Melbourne, Australia, uliipa miti yake namba na hata anwani ya barua pepe, mwaka 2013, ili watu waripoti matawi yaliyovunjika. Watu wakaanza kuiandikia miti yenyewe, wakiishukuru na kuisimulia habari zao. Mti ukiwa na namba watu hukoma kuzungumzia "miti ile", huzungumzia namba 14 iliyo mbele ya geti la fulani, na mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kufikia mwafaka.

Kupanda kwanza, kukata baadaye

Hii ndiyo njia inayojenga imani upesi, kwa kuwa watu wanaona mti mpya kabla ya kupoteza wa zamani. Unapanda kwenye mapengo yaliyopo, upande wa pili wa barabara, au kwenye nafasi iliyokuwa ya kuegesha magari mawili, unasubiri miaka mitano hadi kumi, ndipo mizee inaondoka mmoja mmoja.

Ubaya wake ni nafasi. Mitaa mingi haina. Na kuna hatari ya kusahau: miti mipya imekua, mizee haijaondolewa kwa sababu bajeti ya kukata iliahirishwa, sasa yote inabanana. Ukichagua njia hii, andika mwaka wa kukata siku ile ile unayopanda, na uwaambie wakazi mwaka huo. Vinginevyo utakuwa umewapa zawadi leo na kuwageuka kesho.

Hapa pia ndipo kishawishi cha kununua miti mikubwa kutoka kitaluni kinapokuwa kikali, ili wakazi wafurahi papo hapo. Mti ukichimbwa kuhamishwa huacha sehemu kubwa ya mizizi yake ardhini. Kanuni inayotumika na wataalamu katika nchi za baridi ni takriban mwaka mmoja wa kujijenga upya kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina. Mti wenye shina la sentimita 10 unaweza kukaa miaka minne bila kurefuka kwa maana, huku mche mwembamba uliopandwa siku hiyo hiyo ukiufikia na kuupita. Waeleze watu hivyo waziwazi; wanaelewa vizuri kuliko tunavyodhani.

Zaidi ya ukubwa, tazama shimo. Liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Pale shina linapotanuka na kuanza kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Pakifukiwa, gome huoza polepole na mizizi huanza kuzunguka shina na kulinyonga, na mti hufa miaka baadaye bila mtu kujua kwa nini. Matandazo yasiguse shina. Mkazi akionyeshwa hilo mara moja anaweza kukagua mtaa mzima.

Aina za kupanda

Kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, usirudie aina moja. Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, alipendekeza mwaka 1990 kwamba katika miti ya mji spishi moja, yaani aina moja, isizidi asilimia 10, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) asilimia 20, na familia moja (kundi la jenasi za karibu) asilimia 30. Melbourne wamejiwekea viwango vikali zaidi: 5, 10 na 20. Wakazi wanaopenda safu ya miti inayofanana watalalamika, na kwa kweli safu hiyo ina uzuri wake. Unaweza kuchanganya aina zenye umbo linalokaribiana.

Njia za kuwaarifu

Mkutano wa hadhara ni wa lazima, lakini usiutegemee. Huhudhuriwa na wenye muda na wenye sauti, na mara nyingi huitishwa uamuzi ukiwa umeshafanywa. Kundi la WhatsApp linafaa kwa jambo la leo na kesho: barabara itafungwa saa ngapi, magari yasogezwe wapi. Halifai kueleza sababu, kwa kuwa ujumbe mrefu haumaliziwi kusomwa na uvumi hupita kasi zaidi. Barua mlangoni humfikia hata asiye na simu ya kisasa, na inaweza kuhifadhiwa. Hakikisha inawafikia wapangaji, si wenye nyumba pekee.

Kitu ambacho mimi ningekipa uzito kuliko vyote ni ilani kwenye shina lenyewe, kwa sababu inasomwa na anayepita hapo kila siku hata kama haishi mtaa huo. Lakini ilani nyingi hazisemi kitu. "Mti huu utaondolewa kwa sababu za kiusalama" ni sentensi inayozua maswali tu. Linganisha na hii: "Mti namba 14. Shina limeoza ndani upande wa barabara, kutoka usawa wa ardhi hadi kimo cha goti. Kupogoa hakutausaidia. Tunapendekeza uondolewe mwishoni mwa msimu huu, na mwingine upandwe hatua tatu kuelekea kona. Maoni yanapokelewa hadi tarehe hii, kwa namba hii, kwa ofisa huyu." Ya pili inaweza kukaguliwa. Msomaji anainama, anaona uyoga, anaelewa. Au anaona haupo, anapiga simu, na huenda yeye ndiye yuko sahihi.

Cha pili ni matembezi. Ofisa, mtaalamu na wakazi wanatembea mtaa mzima, wanasimama kwenye kila mti wenye utata. Nyundo ya mbao wapewe wakazi wenyewe wagonge mti mzima, kisha mbovu. Masikio yao yatawaambia kile ambacho ripoti haiwezi. Fanyeni mara mbili, moja siku ya mapumziko, ili wenye kazi nao wapate.

Na je, watu wapige kura? Usiulize swali ambalo hutafuata jibu lake. Mti unaokaribia kuangukia watoto hauwekwi kwenye kura. Lakini yapo mengi yaliyo mikononi mwa wakazi kihalali: aina gani kati ya nne zinazofaa, ipandwe mahali gani hasa, kazi ifanyike mwezi upi, nani atamwagilia. Sema mapema yapi yameamuliwa na yapi yako wazi.

Hata mti wa bure unahitaji mazungumzo. Detroit, kati ya 2011 na 2014, zaidi ya wakazi 1,800 kati ya 7,425 waliostahili kupandiwa mti mbele ya nyumba zao waliukataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hawakuwa na chuki na miti. Walikuwa wameishi na miti ya zamani ambayo mji uliitelekeza, walijua matawi na majani vingewaangukia wao, na hakuna aliyewauliza wanataka aina gani.

Ningechagua nini

Penye nafasi na miti isiyo na hatari ya haraka, ningepanda kwanza. Pasipo na nafasi, ningekwenda kwa awamu za vikundi, mibovu ikitangulia, ila kwa sharti kwamba kuna mtu au kamati itakayoitunza ramani miaka yote. Kama hakuna, ningefupisha awamu ziwe mbili tu, zikaribiane, kwa sababu mpango wa miaka 20 usio na mwenyewe huishia katikati. Kukata kwa mpigo ningekuacha kwa ugonjwa, au kwa mtaa ambao tayari unachimbuliwa wote kwa ajili ya mabomba na ambao miti yake imepimwa mmoja mmoja, wakazi wakiwa wameonyeshwa matokeo. Katika hali zote ilani ziwe shinani kabla mkataba wa kukata haujasainiwa. Baada ya hapo, kumwuliza mtu maoni yake ni kumpotezea muda.

Bajeti ya taarifa isiishie siku ya kupanda. Uchunguzi wa miti michanga ya barabarani jijini New York, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta takriban robo tatu tu ingali hai miaka michache baada ya kupandwa, na iliyoonyesha dalili za kutunzwa na watu ndiyo iliyokuwa ikiishi zaidi. Kwa hiyo barua ya mwisho kwa kila mlango iseme mti upi uko mbele yako, unahitaji maji kiasi gani kwa misimu miwili au mitatu ya kwanza, ni nani anayeleta maji hayo na siku zipi, na simu ipi ipigwe usipomwona. Iseme pia kwamba mche ukifa utapandwa mwingine msimu unaofuata, na ramani pale kwenye ubao ionyeshe kuwa umepandwa.